Trekta la zamani lililolala miaka: anza kulikagua kwa nyuma

Mtu akienda kutazama trekta lililokaa miaka bila kuguswa, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: linawaka? Muuzaji analijua swali hilo, ndiyo maana amekwisha kusema kwenye simu kwamba linahitaji betri tu. Fundi aliyeletwa kutoka mjini anafungua boneti, anagonga hapa na pale, anavuta waya, na kwa saa nzima watu wote wamesimama upande wa mbele wa mashine. Kwa maoni yangu hapo ndipo hela zinapoanza kupotea. Injini ya trekta la miaka ya 1950 au 1960, hata ikiwa imeganda kabisa, mara nyingi ndiyo sehemu yenye dawa. Kinachommaliza mnunuzi kiko nyuma ya klachi, kwenye vyuma vya kusubu, yaani vya kuyeyushwa na kumiminwa, ambavyo havipatikani kirahisi, na kwenye karatasi.

Sababu ni rahisi kuiona ukipita kwenye maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Ringi, beringi, gasketi, valvu na nozeli za Perkins ya silinda tatu, injini iliyobebwa na matrekta mengi ya Massey Ferguson (MF) 35 na 135, si vitu adimu, kwa sababu injini hiyo ilitengenezwa kwa wingi sana na spea zake bado zinatengenezwa. Industrial Area kuna karakana za kuchonga krenki na kutoboa silinda upya. Lakini uliza nyumba ya giaboksi ya Ferguson ya 1950 ambayo haijapasuka, uone kama utajibiwa siku hiyo.

Kwa hiyo kwanza jua unatazama trekta gani. Ferguson TE20, lile dogo la kijivu, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Kibati chake kiko kwenye dashibodi, na herufi za mwanzo zinaeleza mafuta yake: TEA ni la petroli, TEF ni la dizeli, na TED ni lile lililoundwa kutumia mafuta mazito ya jamii ya mafuta ya taa, linalowashwa kwa petroli kisha kubadilishwa likishapata moto. Ukinunua TED ukidhani ni la petroli la kawaida, utahangaika na kabureta bila kujua kosa liko wapi. MF 135 lilianza kutoka 1964. Mengine utakayokutana nayo kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu na Ruiru au upande wa Limuru ni Fordson Major na Ford 5000, ambayo ni makubwa zaidi na hayabebeki kirahisi. Soma kibati, piga picha, na ulinganishe na namba zilizogongwa kwenye bloku ya injini. Zisipolingana na za karatasi si lazima pawe na wizi, maana injini za matrekta zilibadilishwa sana shambani, lakini tofauti hiyo itakurudia siku ya kuhamisha umiliki.

Kabla hujagusa spana, muulize mwenye nalo swali moja: mzee, liliegeshwa likiwa zima, au lilikufa kazini? Kuna trekta lililowekwa kando kwa sababu shamba liligawanywa au mwenye kulima alizeeka, na kuna lililowekwa kando kwa sababu gia ya pili ilikataa na hela za fundi hazikupatikana. Yote mawili yana vumbi lile lile leo. La kwanza lina madhara ya kukaa. La pili lina madhara ya kukaa juu ya ugonjwa wa awali, na huo ugonjwa hakuna atakayekutajia usipouliza.

Madhara ya kukaa yenyewe yanafanyaje kazi? Mashine inapotembea, oili hurushwa kila pembe na joto hufukuza unyevu. Ikisimama, oili huteremka taratibu kwenye sehemu ya chini na vyuma vya juu hubaki uchi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari: jua la mchana ni kali na usiku ni wa baridi. Kila mchana hewa iliyo ndani ya giaboksi hutanuka na kutoka kupitia matundu ya kupumulia, kila usiku husinyaa na kuvuta hewa ya nje yenye unyevu. Unyevu huo huganda kwenye kuta za chuma kama jasho la chupa ya soda, kisha matone hushuka chini ya oili, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili. Mwaka mmoja si kitu. Miaka kumi, yenye masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba, ni maji ya kutosha kuozesha beringi. Ukiongeza mpira uliochanika kwenye mti wa gia, mvua nayo inaingia moja kwa moja.

Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya na Marekani inaanza na bloku zilizopasuliwa na barafu. Huku kwetu hilo halitusumbui sana, isipokuwa kwa trekta lililoletwa majuzi kutoka nchi ya theluji. Maadui zetu ni maji, jua linalokausha tairi, na mikono iliyokwisha kung'oa rejeta, starta na dainamo kwa ajili ya shaba yake. Kabla hujakubali maneno "limekamilika," zunguka na uhesabu kilichopo.

Sasa nenda nyuma. Kwenye Ferguson, MF 35 na MF 135, oili ya giaboksi, ya difu na ya hidroliki inayonyanyua mikono ya nyuma ni moja, ndani ya mwili mmoja wa chuma. Hilo ndilo jambo la kulielewa kuliko yote. Maji yakiingia hapo yanagusa gia, yanagusa beringi za ekseli, na yanagusa pampu ya hidroliki ambayo imezama humo humo. Kijiti cha kupimia oili hakitakuambia ukweli, kwa sababu kinaonja oili ya juu wakati maji yamelala chini. Tafuta bolti ya kumwagia oili iliyo chini kabisa, safisha udongo uliogandamana pembeni yake, weka karai safi, kisha ilegeze polepole bila kuitoa. Usiifungue yote. Subiri tone la kwanza.

Trekta lililohifadhiwa vizuri litatoa oili nyeusi, nzito, inayovutika. Lililonyeshewa litaanza na maji matupu, mara nyingi ya rangi ya kutu, yakitoka haraka kwa sababu ni mepesi kumiminika. Baada ya hapo huja uji mweupe kama maziwa ya chai, ndipo oili yenyewe. Kikombe kimoja cha maji baada ya miaka mingi si msiba. Karai likijaa maji kabla oili haijaonekana, hesabu kwamba beringi za chini zimekaa majini, na kwamba siku moja utalifungua trekta lote. Chovya vidole kwenye kile kilichotoka na ukisugue: ukihisi mchanga wa chuma, au ukiona vipande vinavyong'aa kama ukucha, hiyo ni gia inayokatika meno, na hapo mimi ningefunga bolti na kuaga kwa heshima.

Ukiwa bado umelala chini, tazama mwili wenyewe. Matrekta haya mengi hayana chasisi kama ya lori. Bloku ya injini, nyumba ya klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa kwa bolti na hizo ndizo uti wa mgongo. Ufa kwenye nyumba ya klachi si doa, ni mgongo uliovunjika. Chukua tochi na brashi ya waya, usugue maungio yote, hasa pale palipowahi kufungwa mkono wa kupakilia mbele na pale ekseli ya mbele inapobeba injini. Mstari mnene wa weldingi uliopakwa rangi juu yake ni taarifa kamili. Chuma cha kusubu kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kupozwa taratibu, hupasuka tena kando ya weldingi, na fundi wa kuchomelea mageti, hata awe hodari namna gani, hiyo si kazi yake ya kila siku.

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo ambalo kwenye mengi huwekwa pini iliyogawanyika, inayochezacheza ili tundu lisizibwe na matope. Lisome. Likiwa kavu, vizuri. Likitoa oili nyembamba nyeusi, sili ya nyuma ya krenki imechoka. Likitoa oili nzito ya gia, ni sili ya giaboksi. Vyovyote vile klachi imelowa, na kuifikia klachi ni lazima trekta likatwe vipande viwili katikati. Kazi hiyo inafanyika, lakini iingie kwenye bei unayotaja.

Klachi ya trekta lililolala ina ugonjwa wake wa pekee: sahani yake hushikana kwa kutu na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Unakanyaga pedali inashuka vizuri, lakini gia ikiingia trekta linasonga tu. Mara nyingine inaachia baada ya pedali kufungwa chini kwa kipande cha mti siku kadhaa. Mara nyingine haiachii.

Hidroliki inadanganya watu wengi, na inadanganya pande zote mbili. Pampu ya Ferguson na ya MF 35 inazungushwa na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha vifaa, kwa hiyo lever ya PTO isipoingizwa, mikono ya nyuma haitanyanyuka hata kidogo, ingawa hakuna kilichoharibika. Nimesikia trekta likishushwa bei kwa sababu hiyo tu, na nimesikia pia muuzaji akiitumia kama kisingizio cha pampu iliyokufa kweli. Kwenye TE20, ukikanyaga klachi hidroliki inasimama, ndivyo ilivyoundwa. Kama injini inaweza kuwashwa, ingiza PTO, weka uzito wa kweli kwenye mikono (jembe lenyewe, au gogo zito lililofungwa vizuri), nyanyua, kisha zima injini. Mzigo ukishuka taratibu sana baada ya muda, ni uzee. Ukianguka injini inapozima tu, kuna sili au valvu iliyokwisha, na hiyo inarekebishika. Mikono isiponyanyuka kabisa huku PTO imeingia na oili imejaa, hesabu pampu. Na wakati wote huo mtu asisimame kati ya trekta na mzigo.

Ndipo sasa twende mbele. Tazama bomba la moshi kwanza: kama limesimama wima na hakuna mkebe juu yake, mvua imekuwa ikiteremka hadi kwenye valvu iliyobaki wazi siku injini ilipozimwa. Silinda moja iliyoshika kutu inatosha kuzuia injini nzima. Fungua bakuli la oili la chujio la hewa, ni kazi ya dakika chache. Ukikuta maji humo, au kiota cha panya, au udongo wa nyigu, umejua jinsi lilivyolala. Nyigu hao hujenga pia kwenye tundu la kifuniko cha tangi na kwenye mabomba ya kupumulia, na tundu la tangi likizibwa injini itawaka kisha izime baada ya muda, fundi abadilishe pampu bure.

Oili ya injini nayo ionje kutoka chini, kwa kulegeza bolti, si kwa kijiti peke yake. Maji chini yake yanaweza kuwa ya unyevu tu, au ya gasketi ya kichwa. Kiwango cha oili kikiwa juu kuliko alama, inuse: ikinuka dizeli, utando wa pampu ndogo ya mafuta umetoboka na dizeli imekuwa ikiingia kwenye oili. Angalia vifuniko vidogo vya bati vilivyogongelewa ubavuni mwa bloku, kwani kutu huvila kutoka ndani, na ukivigusa kwa bisibisi huzama.

Kuhusu injini yenyewe, kuna kanuni moja ambayo ningeomba isivunjwe na mtu yeyote: usikubali trekta lililolala livutwe kwa lori au Land Rover ili liwake. Ringi zilizoshikana na kutu zitavunjika, na kama kuna maji au mafuta yamejaa juu ya pistoni, hayabanwi, kwa hiyo kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Injini iliyokuwa ya kubadilisha ringi inakuwa ya kutafuta bloku, ndani ya mita kumi za barabara ya shamba.

Njia ya salama ni ya mkono. Gia iwe nyutro, magurudumu yazuiwe kwa mawe, nozeli zitolewe (au plagi, kwa la petroli), kisha spana ndefu iwekwe kwenye nati ya puli ya krenki na isukumwe kidogo mbele na nyuma. Usitafute mzunguko, tafuta dalili ya kuachia. Ikisogea hata upana wa kidole, una habari njema. Isiposogea, mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki unamiminwa kwenye kila silinda na kuachwa siku kadhaa, na watu wavumilivu wamezifungua injini nyingi hivyo. Muuzaji akikataa usitoe nozeli, ni haki yake, ila na wewe una haki ya kuhesabu injini hiyo kama iliyokufa. Bei iwe ya trekta lisilo na injini, hata kama yeye ana hakika kwamba ni nzima.

Ikizunguka kwa mkono, bado pampu ya dizeli inangoja. Pampu ya CAV ya mzunguko iliyo kwenye Perkins hizi hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli ikikaa na maji, vijidudu huota kwenye mpaka wa viwili hivyo na kutengeneza utelezi mweusi unaoziba kila kitu, na vipande vidogo ndani ya pampu hushikana. Fungua bomba la chini la tangi uone kinachotoka. Pampu hufunguliwa na kupimwa kwa mashine yake, si kando ya barabara.

Umeme naupitia haraka, ila jambo moja: matrekta mengi ya Uingereza ya wakati huo, yakiwemo TE20 na MF 35, yalifungwa ncha chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na gari unaloendesha. Fundi wa magari atafunga betri kwa mazoea na kuunguza vitu. Kwenye TE20 pia hakuna swichi ya starta ya kubonyeza. Unasukuma mti wa gia hadi herufi S. Na asiruhusiwe mtu kusimama kando ya gurudumu akiunganisha starta kwa bisibisi. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kumpanda, na watu wamekufa hivyo.

Likiwaka, mwezi wa Julai moshi mweupe mwanzoni ni wa kawaida kwenye baridi ya Nairobi. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, ukinuka dizeli mbichi, mbano wa silinda ni mdogo. Moshi wa buluu ni oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili: pumzi nyepesi ni sawa, moshi unaopiga kwa vishindo ni ringi. Geji ya kuhesabu saa za kazi usiiamini, kebo yake hukatika na hakuna anayeibadilisha.

Tairi za nyuma ndizo gharama inayosahauliwa. Zinaweza kuwa na meno mazuri huku ubavu umepasuka kwa jua, na mpira wa namna hiyo hautashika upepo muda mrefu. Sugua rimu pale valvu inapotokea, kwani waliojaza maji kuongeza uzito wameacha kutu hapo. Tikisa magurudumu ya mbele usikie mchezo wa pini. Breki kanyaga moja moja, kulia na kushoto, maana ziko mbili, na oili ya ekseli ikivuja huishia humo.

Karatasi zinaweza kufunga mlango wote. Tafuta rekodi ya namba kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla hujatoa hata amana. Trekta ambalo halikuwahi kutoka shambani huenda halina usajili, na hilo linazungumzika mapema, si baada ya malipo. Gumu zaidi ni la marehemu. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali ya aliyefariki haiuzwi na mtoto aliyebaki nyumbani kwa sababu tu funguo ziko kwake. Anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyepewa hati na mahakama. Ndugu watano wakikubaliana chini ya mti bado hawajakupa umiliki, na wa sita akirudi kutoka ng'ambo ana haki ya kulidai. Omba kuona hati hiyo mapema kama unavyoomba kuona oili.

Mkikubaliana, libebwe juu ya lori, lisiburutwe hadi mjini. Kulivuta ni kuzungusha gia na beringi za nyuma ndani ya yale maji uliyoyaona kwenye karai, huku breki zake huna hakika nazo kwenye mteremko wowote wa kuingia Nairobi. Likishushwa uani, kazi ya kwanza si betri. Mwaga oili yote ya nyuma, mimina oili ya bei nafuu iliyochanganywa na dizeli kidogo, inua ekseli juu ya vigogo imara, zungusha magurudumu kwa mkono kwenye kila gia huku klachi imekanyagwa, mwaga tena, na rudia hadi kinachotoka kisiwe na weupe.